Funga ya Shemasi Lambert

Timu ya akina Héritière haikupewa hata nafasi ya kusindikiza wenzake. Gazeti la michezo la vyuo lilizipanga timu nane za wasichana zilizofuzu mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu, mwaka ule wa 2018, na Chuo cha Bramwell kikawekwa mkiani, juu kidogo ya tangazo la mafuta ya nywele. Mwandishi alijitahidi kuwa muungwana. Alisema wasichana wa Bramwell wana moyo. Sasa mtu akiisifu timu yako kwa moyo, ujue amezunguka kote na hakuona kingine cha kusifu.

Lambert, baba yake Héritière, aliukata ukurasa huo kwa mkasi wake wa kazi na kuubandika ukutani juu ya cherehani, ili kila anapoinua macho auone na akasirike. Alikuwa fundi nguo hapo Jules Street, Malvern, jijini Johannesburg, Mkongomani wa Bukavu, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Urefu Héritière aliurithi kwa mama yake, Marthe, aliyefariki binti akiwa na miaka tisa. Tangu hapo Lambert alimlea peke yake, akimshonea sketi za shule zenye pindo nene la kushushwa kila muhula, na kila muhula pindo likawa halitoshi.

Kuhusu mpira wa kikapu wenyewe hakujua mengi. Alijua mpira unatakiwa upite kwenye ule wavu usio na kitako, na kwamba Héritière ndiye anayeugawa, ndiye kichwa cha timu. Akichoka yeye, wenzake wanabaki kutazamana. Zaidi ya hapo usimuulize. Kilichokuwa chini ya uwezo wake kilikuwa maombi, na huko hakuwa mchezo. Alikuwa shemasi katika kanisa la Wakongomani lililokutana Jeppestown, ndani ya karakana ya zamani ambayo harufu yake ya grisi ilikuwa bado haijaokoka.

Jumapili kabla ya mashindano alisimama mbele ya kanisa, kofia mkononi.

“Bapendwa,” alisema, “mtoto wangu anaenda kushindana na bakubwa. Mimi sina mguu wa kumsaidia, niko na tumbo tu. Basi hii tumbo nitaifunga juu yake, wiki yote. Mwenye anaweza, anisindikize.”

Kanisa likaitikia amina. Mchungaji Évariste, mtu mnene mpole aliyependa kula kuliko alivyokiri, naye akainua mkono kwamba yumo. Ikawa funga ya wiki nzima: tangu alfajiri hakuna chakula wala maji, jioni mtu anafungua. Ingeishia Jumamosi jioni, siku ya mechi ya mwisho ya makundi.

Walipofika nyumbani, vyumba viwili nyuma ya duka, Lambert alimgeukia binti yake.

“Weye usifunge. Weye unacheza. Kula vizuri kule chuoni.”

“Sharp, Papa,” alijibu Héritière, na kwa Lambert jambo likawa limekwisha. Huyu alikuwa mtoto wa Johannesburg. Alielewa Kiswahili chote cha baba yake lakini alikijibu kwa Kiingereza, na siku za furaha kwa Kizulu. Sharp ilikuwa na maana ya ndiyo, asante, nimesikia, na niache. Lambert alikuwa hajawahi kujifunza kuzitofautisha.

Kila jioni walikula pamoja. Lambert alipika wali au ugali na samaki, akaufunika wa binti yake kwa bakuli la bluu la bati, lililobanduka rangi ukingoni, ambalo Marthe alilileta kutoka Bukavu likiwa limefungwa ndani ya kanga. Héritière alirudi mazoezini, akafunua bakuli na kula kwa kasi, na Lambert akamtazama kwa raha. Alisema moyoni, angalia kijana anavyokula, hata baada ya chakula cha chuo bado ana nafasi. Mtu akitaka kuamini jambo haachi kupata ushahidi.

Alhamisi Bramwell walicheza na timu ya Bloemfontein na wakashinda. Lambert alikuwa jukwaani na akina mama wa kwaya, vitambaa vyao vyeupe kichwani, wakiimba mpaka mwamuzi akawageukia mara mbili. Héritière aligawa mpira kama mtu anayegawa pipi kwa watoto, huku na huku, bila upendeleo. Baada ya mechi Lambert alitembea barabarani kifua mbele, ungedhani vikapu vyote alivitia yeye. Na kwa kiasi fulani ndivyo alivyoona. Njaa yake ilikuwa imefanya kazi.

Ijumaa walikutana na timu ya Cape Town, na huko hakukuwa na wimbo. Héritière alipoteza mpira ambao angeudaka usingizini. Alikimbia nusu ya kiwanja kisha akasimama mikono magotini. Kocha Dineo, mwanamke mkali aliyewapenda wasichana wake bila kuwaambia, alimtoa, akamtupia taulo na kumpa pakiti ya juisi. Lambert kule juu aliona kila kitu na hakuelewa chochote. Aliona binti yake ameishika ile juisi mpaka mwisho wa mechi, mrija wake bado umebandikwa ubavuni. Alifikiri ni hasira za kufungwa.

Hesabu ikawa nyepesi. Wamefungwa moja, wameshinda moja. Wakiwafunga wasichana wa Durban Jumamosi wanaingia nusu fainali, wakifungwa wanarudi nyumbani na moyo wao.

Jioni hiyo Héritière alimletea baba yake bukta ya kuchezea. Ilikuwa inamshuka kiunoni. Lambert aliivuta lastiki kwa vidole, akaiachia, akaivuta tena.

“Hii lastiki ni ya bure,” alisema. “Banashona vitu bya ovyo siku hizi.”

Akaifumua na kuikaza. Fundi huyu alikuwa anaweza kumtazama mwanamke akivuka barabara na kukuambia kiuno chake bila futi. Lakini kiuno cha mwanawe kilipopungua, akalaumu lastiki. Tusimcheke sana. Kuna watu tunaowatazama kila siku na ndiyo maana hatuwaoni.

Alipomaliza akamwonyesha wali uliofunikwa kwa bakuli la bluu. “Kula, ulale. Mimi leo sitafungua. Kama tumeshindwa, ni kusema funga yangu ilikuwa nyepesi. Naingia mu funga ya Esta. Hata maji sinywi, mpaka kesho mutoke kiwanjani.”

Wasomaji wa Biblia wanaifahamu funga ya Esta: usiku na mchana, chakula hapana, maji hapana. Héritière alisimama mlangoni, bukta mkononi. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu kirefu.

“Eish, Papa,” alisema tu. “Pole.”

Akaenda kulala. Asubuhi Lambert alikuta bakuli la bluu bado limefunika wali, haujaguswa, na binti ameshaondoka. Ni wasiwasi wa mechi, alijisemea. Hata yeye siku ya harusi yake hakuweza kumeza kitu.

Nje ya mlango wa duka lake palikuwa na meza ya Biubwa. Biubwa alikuwa Mzanzibari, mjane wa makamo, muuza chai na chapati, na kwa miaka mingi yeye na Lambert walikuwa wamegawana kivuli kimoja na ubishi usiokwisha juu ya namna ya kupika samaki. Asubuhi hiyo hakumsalimu. Alimngoja aweke mashine sawa, kisha akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

“Baba Heri, mwanao ana nini?”

“Hana kitu. Leo anacheza.”

“Hakunywa chai leo. Jana hakunywa, juzi hakunywa. Wiki nzima mtoto anapita hapa ananipungia mkono kwa mbali. Mtoto ambaye nilikuwa namkatalia chapati ya tatu! Leo nimemwita kwa nguvu. Nilipofunua sufuria akageuza uso, akashika hizo nondo za dirisha lako asianguke. Mikono baridi kama ya maiti, Mungu apishe mbali. Midomo imekauka. Nimeuliza, akacheka.”

“Anakulaka chuoni.”

“Hali popote. Mie nafunga Ramadhani tangu nina miaka saba, uso wa mtu aliyefunga haunipiti. Huyo mtoto kafunga.”

Lambert alitaka kucheka. “Mimi ndiye nimefunga, Mama Biubwa. Yeye nilimwambia akule.”

“Ulimwambia ale, na wewe huli?” Biubwa alimtazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyomchoma. “Sisi kwetu msafiri anaachiwa, mgonjwa anaachiwa. Na huyo anakimbia kiwanja kizima huku na huko. Nani kamwachia?”

Hapo ndipo Lambert alipokaa kwenye kiti cha wateja. Aliiona bukta. Aliiona juisi yenye mrija ubavuni. Aliuona wali usioguswa chini ya bakuli la bluu. Kisha akaisikia sauti ya Marthe, ambayo hakuwa ameisikia vizuri siku nyingi, ikisema jambo lililokuwa sheria ya nyumba yao tangu wakiwa wachumba: humu ndani mtu hafungi peke yake. Akifunga mmoja, wamefunga wote. Marthe alilisema kwa upendo, na mtoto alikuwa akimsikiliza.

Alipiga simu ya Héritière. Ilikuwa imezimwa, Kocha Dineo alikusanya simu zote asubuhi ya mechi na kuzifungia begini. Biubwa alikuwa tayari anafunga chapati kwenye karatasi ya fedha, akamimina chai ya maziwa kwenye chupa na kutia sukari bila huruma.

“Nenda,” alisema. “Duka nitalitazama mie.”

Lambert hakulisubiri basi dogo la kanisa. Alisimamisha teksi, lakini umeme ulikuwa umekatika upande wote ule, taa za barabarani, robot kama wanavyoziita huko, zimezimika, na kila njia panda magari yalikuwa yanabishana. Alipofika ukumbini mechi ilikuwa imeanza. Alijaribu kushuka hadi benchi la Bramwell, mlinzi akamrudisha kwa adabu. Ikabidi akae jukwaani, chapati mapajani, amtazame mwanawe.

Sasa alimwona. Ilikuwa ajabu jinsi alivyomwona. Aliona shingo iliyokonda, na lastiki yake mwenyewe aliyoikaza jana ikiwa tayari imelegea. Aliona anavyotembea pale ambapo angekimbia, anavyotoa pasi mapema ili asiwe na mpira mkononi. Durban walikuwa mbele kwa pointi nne, kisha nane, kisha kumi na moja. Akina mama wa kwaya wakafika na Mchungaji Évariste, wakaanza kuimba. Kwa mara ya kwanza maishani Lambert alitamani kanisa linyamaze. Aliogopa. Hakuogopa kushindwa, kikombe kingeweza kwenda Durban na heri yao. Aliogopa mtoto ataanguka pale chini, na yeye ndiye atakuwa amemwangusha kwa sala zake.

Filimbi ya mapumziko ilipolia hakuomba ruhusa ya mtu. Alipita chini ya mkono wa mlinzi, ufupi ukamfaa, akamkuta Héritière kwenye ushoroba unaoelekea vyumba vya kubadilishia nguo, ameegemea ukuta, macho yamefumbwa. Kocha Dineo aligeuka kumfokea, akauona uso wake, akawasukuma wasichana wengine ndani na kuwaacha wawili hao.

“Héri,” alisema Lambert. “Kula.”

Héritière alifumbua macho, akaiona karatasi ya fedha. “Nimeshakula, Papa,” alisema kwa Kiingereza.

“Usinidanganye. Mama Biubwa ameniambia.”

Safari hii msichana hakujibu kwa Kiingereza. Alikitoa Kiswahili cha nyumbani, cha kuungaunga, kile alichokisema alipokuwa mdogo.

“Na weye umekula?”

“Mimi niko mu funga.”

“Basi na mimi.”

“Nilikuambia ukule! Nilikuambia siku ya kwanza.”

“Mama alisema, mu nyumba yetu mtu hafungi peke yake.”

“Mama alisema ile kwa bakubwa, Héri. Si kwa mtoto mwenye anakimbia.”

“Mara ile nilikula,” alisema Héritière.

“Mara gani?”

“Ile wakati Mama eko hospitali.” Alikuwa anatazama viatu vyake. “Mulifunga juu yake. Weye, kanisa yote. Na mimi nilifunga, nilimwambia Mungu nafunga na mimi. Halafu weye ukaenda hospitali, nikabaki nyumbani, nikaona mkate. Chini ya bakuli ya bluu. Nikaukula wote, Papa. Sikubakisha. Nikapanguza mdomo, juu weye usione.” Akajifuta uso kwa jezi. “Na Mama akakufa. Batu bote balifunga, ni mimi tu nilivunja. Sitavunja tena. Usiniambie nivunje.”

Lambert akakaa chini, pale pale sakafuni, na binti yake, kwa mazoea ya kutomwacha baba yake peke yake, akakaa ubavuni mwake, miguu yake mirefu imejaa ushoroba. Miaka yote hiyo. Sketi ngapi alikuwa amemshushia pindo, akapiga magoti mbele yake na pini mdomoni, na mtoto amesimama wima na jambo hili kifuani.

“Héri,” alisema. “Mkate hauingiake chini ya bakuli peke yake.”

Héritière hakuelewa.

“Ni mimi niliuweka.”

“Weye?”

“Mama yako alinituma. Alikuwa amelala pale, hana nguvu, akanishika shati hapa.” Lambert alijishika kifuani. “Akasema: Lambert, ule mtoto atakuwa anafunga, namjua. Mwekee mkate. Usimwambie akule, atakataa, ni kichwa ngumu kama weye. Weka tu chini ya bakuli yangu, uende. Njaa itamwonyesha. Nikauweka. Kesho yake nikainua bakuli, nikakuta hakuna kitu, hata punje. Nikaenda kumwambia mkate umeisha. Alicheka, Héri. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Mimi sikumwona akicheka tena, ndiyo ilikuwa ya mwisho.”

Kutoka ukumbini nyimbo za akina mama zilisikika. Héritière alikuwa ameweka mkono juu ya mdomo wake.

“Alijua nimekula?”

“Alijua na alifurahi. Hukuvunja kitu. Ni yeye alikulisha.”

Msichana akalia. Alilia kama mtoto wa miaka tisa, bila kujificha, kichwa begani kwa baba yake, na ilibidi ajikunje sana kulifikia bega lile. Lambert naye alilia, na hakuona sababu ya kukohoa na kusingizia vumbi kama wanaume wafanyavyo.

“Juu ya nini hukuniambia?” aliuliza Héritière.

“Nilifikiri hakuna cha kusema. Mtoto alikula mkate. Nisamehe.”

Akafungua karatasi ya fedha. Héritière aliitazama chapati, kisha akamtazama baba yake.

“Weye kwanza,” alisema.

Mlango wa ushoroba ulikuwa wazi, na kupitia hapo Lambert aliliona jukwaa: Mchungaji Évariste, vitambaa vyeupe, kanisa lake lote likitazama upande huo kuona shemasi amekwenda wapi. Alikuwa ameweka nadhiri mbele yao na mbele ya Mungu, mpaka mwisho wa mechi, na nusu ya mechi ilikuwa bado. Akamega chapati. Akaitia mdomoni, akatafuna pole pole, wamwone wanaotaka kumwona. Koo lilikuwa kavu, ikabidi aisindikize kwa chai.

Kisha akampa binti yake kipande, na binti yake akala.

Kocha Dineo alitoa kichwa mlangoni, akaona chapati, akasema kwa Kiingereza kwamba katika maisha yake yote ya ualimu hajawahi kuona chakula cha mapumziko kama hicho. Akairuhusu nusu yake tu, na chai yote. Wataalamu watakuambia chapati haiwezi kufika miguuni kwa muda mfupi namna ile. Inawezekana. Wataalamu hawakuwepo.

Lambert alirudi jukwaani na kukaa karibu na mchungaji. Hakujificha. Chapati zilizobaki aliziweka wazi mapajani.

“Shemasi,” alisema Mchungaji Évariste, macho kiwanjani. “Nimekuona.”

“Ndiyo, Pasta.”

“Umekula.”

“Nimekula. Mtoto alikuwa anafunga na mimi. Wiki yote, Pasta, na anakimbia hivi. Sikujua.”

Mchungaji alimtafuta Héritière kwa macho, akampata, akamtazama muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa na mabinti watatu. Kisha akasogea kidogo na kushusha sauti.

“Iko ingine?”

Lambert akampa. Mchungaji aliikunja mara mbili na kuimaliza kwa muda ambao mwingine angeunawia mikono, na akina mama wa kwaya, walioona, wakaanza kupekua mikoba yao. Ilionekana kwamba kila mmoja alikuwa amebeba kitu kidogo cha kufungulia jioni. Ndizi zikatokea, na mikate, na karanga. Jukwaa lote la Bramwell likawa linatafuna, na nyimbo zikaanza upya zikiwa na nguvu mpya.

Chini, Héritière alikuwa amerudi kichwa cha timu. Sitasema alipaa, miguu ilikuwa bado mizito na mara mbili Kocha Dineo alimpumzisha, na mara hizo mbili alimaliza juisi nzima. Lakini mpira ulipokuwa mkononi mwake hakuuogopa tena. Aliingia katikati ya wasichana wa Durban kama mtu anayepita sokoni kwao, akauachia pembeni, mwenzake akatia. Kumi na moja zikawa saba, zikawa tatu. Mwisho kabisa wa mechi Bramwell walikuwa nyuma kwa pointi moja, na Héritière akachezewa rafu mbele ya kikapu. Akapewa mitupo miwili ya bure.

Alisimama kwenye mstari. Ukumbi ukanyamaza, hata kwaya. Aliudunda mpira, akaushika, kisha badala ya kutazama kikapu akageuka kutazama jukwaani. Lambert alijua anachotafuta. Alichukua kipande cha mwisho cha chapati, akakiinua juu ili akione, akakiuma.

Mtupo wa kwanza uliingia. Wa pili uligonga chuma, ukafikiri kidogo, ukaingia.

Nusu fainali ilikuwa Jumapili, dhidi ya timu ya Pretoria, mabingwa wa mwaka uliopita. Ibada ikahamia ukumbini. Walifungwa. Walifungwa vibaya, na kwa kuwa tumewapenda tutaliacha hapo. Gazeti lile la vyuo likaandika kwamba Bramwell wamewashangaza wengi, na kwamba wana moyo. Lambert aliubandua ukurasa wa zamani na kubandika mpya, na kwa mara hii hakukasirika. Huo moyo alikuwa ameuona kwa karibu.

Ijumaa iliyofuata aliamua kufunga siku moja tu, ya shukrani. Alimwambia binti yake asubuhi, waziwazi, na akasimama kumtazama akinywa chai na kula chapati tatu za Biubwa moja baada ya nyingine ndipo akamruhusu kwenda chuo. Héritière alikuwa anacheka na mdomo umejaa.

“Sharp, Papa,” alisema.

Siku ilikuwa ndefu. Kulikuwa na sare za kwaya za kumalizia, vitambaa vyote vilikuwa vya kuteleza, na kufikia mchana kichwa kilikuwa kinamgonga. Aliingia ndani kuchukua pini. Juu ya meza, mahali ambapo hakuwa ameliweka, palikuwa na bakuli la bluu, limefudikizwa.

Aliliinua. Chini yake palikuwa na mkate, vipande viwili vinene, umepakwa siagi mpaka ukingoni kama Marthe alivyoupaka.

Lambert akavuta kiti, akakaa, akaula wote. Hakubakisha. Na kabla mtoto hajarudi, akapangusa mdomo.